Usukani Ukigoma Ghafla: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Kati ya Butembo na Beni ni kilomita 54 tu, lakini kona zake hazina idadi, na usukani hauchagui mahali pazuri pa kugomea. Hugoma ukiwa katikati ya kona ya kushuka, au umebanwa kati ya Fuso lililobeba mbao na pikipiki yenye abiria wawili. Usukani uliokuwa ukiuzungusha kwa vidole unakuwa mzito kama umeshikwa na mtu upande wa pili. Wengi hapo huamini gari limekatika usukani, wakafanya mambo mawili yenye hatari kuliko hitilafu yenyewe: wanakanyaga breki kwa nguvu zote, kisha wanazima ufunguo.

Gari halijakatika usukani. Kuanzia mikononi mwako mpaka kwenye kremayeri, ile fimbo yenye meno inayogeuza magurudumu, bado vyuma vimeungana. Kilichokufa ni msaada, ile nguvu ya ziada inayotoka kwenye pampu ya mafuta au kwenye mota ya umeme. Malori ya zamani yaligeuzwa kwa mabega, na gari dogo la kwanza kuuzwa likiwa na msaada huo lilikuwa Chrysler Imperial ya 1951. Kwa hiyo shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye esansi taratibu na uiache injini iwake. Gari likiwa linatembea, usukani mzito hugeuka. Likisimama ndipo unapokuwa jiwe. Punguza mwendo kwa gia, washa taa za hatari, na ulipeleke pembeni wakati bado linaviringika.

Injini yenyewe ikizimika, mambo hubadilika. Breki nazo zinapoteza msaada wake, na zinabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili. Kanyaga mara moja, kwa uthabiti, mpaka gari litulie; usikanyage na kuachia, kukanyaga na kuachia, kwa maana unaitupa akiba hiyo. Ufunguo nao usiurudishe mpaka mwisho gari likiwa bado linakwenda: hapo usukani hujifunga, na sasa ndiyo umekatika kweli.

Vitabu vya madereva husema simama papo hapo uombe msaada. Ushauri mzuri, ila haukuandikwa na mtu anayepita Oicha kwenda Eringeti, wala anayevuka mbuga kutoka Beni kwenda Kasindi. Kusimama porini huku si jambo dogo, kwa maana usalama ni mdogo. Ndiyo maana naona kila mwenye gari anapaswa kujua kosa lipi linaruhusu kuendelea polepole mpaka kituo cha watu, na lipi haliruhusu hata kilomita moja. Jibu liko kwenye dashibodi, lakini kwanza ujue gari lako lina usukani wa aina gani.

Fungua boneti ukiwa nyumbani, siyo barabarani. Ukiona chupa ndogo ya mafuta yenye alama ya usukani kwenye kifuniko, una usukani wa pampu: Land Cruiser za sanduku, Hiace na Hilux za zamani, Canter na Fuso. Usipoiona chupa hiyo, una usukani wa umeme, kama ilivyo kwenye Vitz nyingi na Probox nyingi. Mtambo huo wa umeme ulianza Japani mwaka 1988 kwenye kigari cha Suzuki kiitwacho Cervo, na sasa umeenea karibu kila gari dogo linaloshushwa Mombasa na kupita Kampala mpaka Mpondwe na Kasindi. Wapo mafundi wazuri sana wa pampu katika miji yetu. Wa umeme ni wachache, na hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Sasa taa. Katika gari la pampu, usukani ukiwa mzito na taa ya batri ikawaka wakati huohuo, mkanda umekatika au umetoka. Katika magari mengi mkanda huo huzungusha pia alternateri, na katika baadhi huzungusha pampu ya maji. Hapa huendi popote kabla hujafungua boneti na kutazama. Ukilazimisha, injini itachemka, na mkanda ambao ungeununua kwa pesa ya chakula cha mchana utakufanya ulipie kichwa cha injini. Taa ya batri isipowaka, lakini ulisikia pampu ikilia kwa siku kadhaa kila unapokata kona, mafuta yamekwisha au yanavuja. Ukiwa na chupa ya akiba garini, ongeza, songa mbele taratibu, kisha simama tena utazame.

Katika gari la umeme, tazama ni taa ipi imetangulia. Ya batri ikiwaka kwanza kisha ya usukani ikafuata, alternateri haichaji. Mota ya usukani inakula ampea nyingi, hivyo huwa ya kwanza kunyimwa umeme ili injini iendelee. Zima redio, feni na kila kisichohitajika, ufike kwenye watu kabla batri haijaisha. Taa ya usukani ikiwaka peke yake, iwe ni mchoro wa usukani au herufi P/S au EPS, injini haina shida na unaweza kujikokota mpaka garaji, mradi mikono yako iweze na mzigo uwe wa kadiri. Shusha abiria walio nyuma kama wamezidi. Na msaada ukirudi wenyewe baada ya gari kupumzika, huenda mota ilijilinda na joto. Hilo huwapata sana wanaogeuza gari sokoni likiwa limesimama, kushoto kulia, kushoto kulia, huku wakisubiri mtu aondoe toroli la ndizi.

Hapa ndipo gari linafika kwa fundi, na gharama inaanza. Hasara kubwa ninayoiona katika jambo hili haitokani na kifaa kilichoharibika. Inatokana na kifaa kizima kilichobadilishwa kwa kubahatisha.

Mchukue mwenye Probox inayofanya teksi kati ya Butembo na Beni. Gari limeingia garaji asubuhi, usukani mzito, taa inawaka.

“Papa, hii ni kremayeri imekufa,” fundi anasema, boneti haijafunguliwa.

“Umeijuaje, fundi?”

“Hizi gari ndiyo tabia yake.”

Basi kremayeri inaagizwa Kampala, kwenye maduka ya vyuma vilivyotumika ya Kisekka. Pesa inatumwa, kifaa kinapanda basi, kinavuka mpaka, kinalipiwa, kinafika. Siku zote hizo gari limelala, dereva hana hesabu ya kumletea mwenye gari, na abiria wake wa kila wiki wamehamia gari lingine. Kremayeri inafungwa. Taa bado inawaka. Sasa fundi anasema ni mota. Mota nayo inaagizwa. Mwishowe mtu mwingine anakuja na mita ya umeme, anagusa ncha mbili za batri injini ikiwa inawaka, anasoma volti 12.1. Alternateri haikuwa inachaji. Kremayeri na mota vilikuwa vizima tangu mwanzo.

Kwa hiyo kabla ya kumruhusu mtu yeyote kufungua bolti moja, omba kipimo. Batri nzima, injini ikiwa imezimwa kwa saa chache, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, namba ipande iwe kati ya 13.5 na 14.5. Kisha washa taa kubwa, mtu mmoja azungushe usukani gari likiwa limesimama, mwingine atazame mita. Namba ikishuka chini ya 12 na kubaki huko, usinunue chochote cha usukani. Shughulikia batri, alternateri na mkanda wake. Baada ya hapo fundi aweke ncha moja ya mita kwenye hasi ya batri na nyingine kwenye chuma cha bodi, injini ikiwa inawaka na taa zimewashwa. Panapaswa pasome karibu na sifuri. Pakisoma nusu volti au zaidi, waya wa masi umeoza au umelegea, na dawa yake ni msasa, bolti mpya na dakika chache. Gari lililoongezewa taa za mbele, redio kubwa na chaja za simu kwa waya za kuunga-unga, hapo ndipo pa kuanza kabla ya pengine popote.

Iko pia fyuzi kubwa ya usukani, kwa kawaida ya ampea 50 au zaidi, ndani ya sanduku la fyuzi chini ya boneti. Mara nyingi haichomolewi kwa vidole kama zile ndogo. Imefungwa kwa skurubu, kwa hiyo fundi mvivu huipita. Ikiwa imeungua, usikubali iunganishwe kwa waya. Fyuzi ile huungua ili nyaya zisiwake moto, na moto chini ya dashibodi hausubiri ufike kijiji cha Maboya.

Umeme ukishathibitika kuwa mzuri ndipo skana inapochomekwa kusoma msimbo. Kwenye Toyota nyingi, misimbo C1511 mpaka C1514 inahusu kihisi cha nguvu ya mkono kilicho kwenye nguzo ya usukani, na C1552 inahusu umeme unaofika kwenye kompyuta ya usukani. Msimbo hauhukumu kifaa. Unaonyesha njia ya kufuata. Mtu akisoma C1552 kisha akakuuzia nguzo nzima, chukua ufunguo wako uende.

Kwa wenye pampu, kipimo ni cha macho na masikio. Mafuta mekundu yanayoonekana safi ni mazuri. Meusi yenye harufu ya kuungua yamechoka. Yenye povu yana hewa, maana yake kuna mahali pameachia. Futa mabomba yote kwa kitambaa, washa injini, mwenzako azungushe usukani mpaka mwisho kila upande bila kuushikilia pale zaidi ya sekunde chache, nawe ufuate unyevunyevu kwa vidole. Angalia hasa bomba la shinikizo, lile gumu linalotoka kwenye pampu, na mipira ya pembeni mwa kremayeri. Mpira huo ukipasuka, tope letu linaingia, linakwangua fimbo ya chuma, fimbo inakata sili, na sili inaanza kulia mafuta. Mpira ni bei ndogo. Kremayeri siyo.

Na mafuta yenyewe: usikubali kamwe mtu amimine mafuta ya breki ndani ya chupa ya usukani kwa sababu ndiyo yaliyopo. Yanaharibu sili za mpira, na baada ya muda pampu na kremayeri zote zitavuja pamoja. Magari mengi ya Toyota hukubali mafuta ya gia ya otomatiki. Honda ina ya kwake. Soma kifuniko cha chupa, maana huwa kimeandikwa.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho nashangaa kinasahauliwa, na hakihitaji mita wala skana. Inua magurudumu ya mbele yote mawili, zima injini, zungusha usukani kwa mkono ukiwa umeufungua kwa ufunguo. Ukiwa mwepesi hewani, tatizo ni la msaada. Ukiwa bado mzito au unakwama mahali pamoja, tatizo ni la chuma: kiungo cha nguzo kimeshika kutu, bolijointi zimekauka, au kremayeri imepinda. Hapo hata ukinunua pampu mpya ya kiwandani haitakusaidia kitu. Na kabla ya hayo yote, pima upepo wa tairi za mbele. Nimesikia watu wakilalamika kuhusu usukani mzito juu ya tairi zilizolala.

Bei za vyuma hupanda na kushuka kwa dola, kwa mvua na kwa hali ya mpaka, lakini ngazi yake haibadiliki: fyuzi, masi na mafuta viko chini kabisa, mkanda na mpira wa kremayeri hatua moja juu, bomba la shinikizo na kutengeneza alternateri katikati, pampu iliyotumika juu yake, na kileleni kremayeri, mota au nguzo nzima. Mwenye gari apande ngazi hiyo kutoka chini. Bima haitakusaidia kupanda: ile ya lazima, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya SONAS, shirika la bima la taifa, peke yake, inalipa madhara unayowafanyia wengine. Pampu yako ni juu yako.

Huko ng'ambo mambo ni tofauti kidogo, na inafaa tujue kwa nini. Mwaka 2010 General Motors iliita garaji magari karibu milioni 1.3, mengi yakiwa Chevrolet Cobalt, kwa sababu mota ya usukani wa umeme iliweza kukata msaada ghafla. Machi 2014 ikaita tena magari ya idadi kama hiyo kwa ugonjwa uleule. Novemba 2012 Toyota nayo iliita zaidi ya milioni 2.7 duniani kote, na kati ya kasoro zilizotajwa kulikuwa na fimbo ya usukani iliyoweza kulika meno yake. Mwenye gari huko alipata barua na akatengenezewa bila malipo. Gari hilohilo likipigwa mnada Japani, likavuka bahari na kupita forodha ya Kasindi, barua inabaki nyuma.

Lakini namba ya chasi haibaki. Gari lililouzwa kwanza Japani halina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Lina namba fupi, msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu. Watengenezaji wa Japani wana kurasa kwenye intaneti ambako unaingiza namba hiyo na kuambiwa kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Kurasa zenyewe ni za Kijapani, simu itakutafsiria. Fanya hivyo kabla ya kununua gari, siyo baada. Hata kama hakuna atakayekutengenezea bure huku, jibu linamwonyesha fundi pa kuanzia, na linakupa neno la kupunguzia bei mbele ya muuzaji.

Kama vipimo vyote vimekubaliana kwamba ni kremayeri au nguzo, basi nunua, ila tahadhari na mtego ambao unatunasa sisi kuliko majirani. Kongo tunapita kulia, Uganda wanapita kushoto, na katika barabara zetu magari ya usukani wa kulia na wa kushoto yamechanganyika. Kremayeri iliyotoka kwenye gari la Dubai lenye usukani wa kushoto haiingii kwenye Probox ya Japani, hata kama jina, mwaka na injini vinafanana. Mpigie muuzaji picha ya kifaa chako cha zamani kikiwa bado garini, pamoja na namba iliyochongwa juu yake, na umtumie namba ya chasi. Dai karatasi inayosema kifaa kisipokubali kitarudi, na nani atalipa nauli ya kukirudisha. Muuzaji anayekataa kuandika hayo amekwisha kukuambia anachojua kuhusu bidhaa yake.

Kuhusu kutunza sina mengi. Usishikilie usukani kwenye mwisho wake. Usioshe injini kwa mashine ya maji huko mtoni Kimemi huku plagi za umeme ziko wazi. Tazama chupa ya mafuta kila unapotazama mafuta ya injini. Mkanda ukipiga kelele asubuhi za baridi, unakuomba ubadilishwe kabla haujakatika.

Siku ya kuchukua gari, kaa garini na fundi. Zungusha usukani kila upande gari likiwa limesimama, kisha mwende pamoja mahali tambarare mkaone kama usukani unarudi katikati wenyewe baada ya kona. Kwa gari la umeme lililobadilishiwa nguzo au kompyuta, uliza kama kihisi kimepangiwa sifuri yake. Toyota isiyopangiwa huandika C1515 na huweza kuvuta upande mmoja, na mafundi wengine wakishindwa hapo huondoa balbu ya dashibodi ili usiione taa. Utawajua hivi: washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya usukani iwake, kisha izimike injini inapokamata. Isipowaka kabisa, mrudishie fundi ufunguo na pesa yako ibaki mfukoni.